Misumari ya Chumbani Kwako

Bunia, Nyakasanza, jioni, kabla ya safari yako

Masika wangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na nyumba imenyamaza hadi naisikia saa ya ukutani, ambayo ukiwepo hata sijui kama ina mlio. Nimewasha taa, nimeketi mezani, najizoeza. Kesho wakati kama huu utakuwa Mambasa au umeshaipita, na mimi nitakuwa kwenye kiti hiki hiki. Nimeona nianze leo kidogo kidogo, ili kesho isinikute mgeni.

Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha, na kutowakopesha watu wa machimboni hata wakikuita dada, hayo nimeshayasema mpaka jana ukaniambia niyaandike ukutani nipumzike. Sitayarudia. Nataka kukuandikia habari za paa. Najua utacheka. Mama wengine wanawaandikia binti zao habari za Mungu na za wanaume, wako anakuandikia habari za mabati. Lakini soma mpaka mwisho, na usisome ndani ya gari, utatapika kama ulivyotapika tulipokwenda Butembo kwa bibi yako.

Nianze na lililo zito, nisije nikalizunguka hadi karatasi iishe. Siku ile upepo ulipobeba mabati ya chumbani kwako, ulimgombeza fundi Anselme mbele ya watu wake wote. Ulimwuliza ni fundi wa namna gani asiyejua hata kukunja ncha ya msumari chini ya ubao. Yule baba hakujibu neno. Alinitazama mimi, na mimi nikatazama kuku. Masika, fundi Anselme hakukosa. Ni mimi niliyemkataza kukunja misumari, na nikamwambia wewe usijue.

Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Unalikumbuka paa la zamani, maana umekua chini yake. Unakumbuka beseni la mlangoni, sufuria ya pembeni, na kikombe cha bati juu ya redio. Siku ulipopata kazi ya uuguzi Nia-Nia ulisema huendi kuniacha chini ya chujio. Ukanunua mabati mapya kwa jasho lako, ukamtafuta fundi wewe mwenyewe, kisha ukaniambia kwa furaha kabisa, "Paa likiisha, mama, nami naenda." Hukuona uso wangu kwa sababu nilikuwa nimeinamia majani ya sombe nikiyatwanga. Tangu hapo kila nyundo iliyolia juu ya nyumba hii nilisikia inahesabu siku zako.

Ulinipa kazi ya kumsimamia fundi kwa kuwa wewe ulikuwa kazini tangu asubuhi. Nikamwachia Mama Zawadi wa jirani meza yangu ya makayabu, samaki wa chumvi, sokoni, nikakaa uani kwenye kiti cha plastiki, na mwavuli, na jeuri yote uliyonayo wewe, maana uliirithi hapa. Fundi Anselme, mtu wa Mahagi, mrefu, penseli nyuma ya sikio, simu mbili zinamning'inia shingoni, alikuwa akikaa juu ya paa langu na kumwambia mtu mwingine kwenye simu kwamba yuko njiani anakuja kwake. Nilimsikia kwa masikio yangu. Nikamwambia kwa sauti amsalimie huyo mtu. Alicheka hadi penseli ikaanguka.

Nilimsumbua, sikatai. Alileta mbao za mikaratusi mbichi, zinatoa maji ukizigusa, nikazirudisha zote kwenye mkokoteni uliozileta. Kwa mbao nilikuwa na haki, hiyo usininyang'anye. Lakini baada ya hapo nilionja utamu wa kuwa na haki, nikaanza kumfundisha kila kitu: bati lipande wapi, kamba ivutwe vipi, ngazi isimame wapi. Alikuwa akinijibu "ndiyo, mama," kisha anafanya anavyojua. Tulizoeana hivyo. Saa ya chakula niliwapa fufu na makayabu, na yeye alikuwa wa kwanza kunawa.

Siku alipopandisha bati la kwanza, nilimwita ashuke. Hakupenda, lakini alishuka.

"Fundi, hii misumari usikunje," nikamwambia. "Piga tu, acha vile."

"Mama Masika, musumari kama haikunjwe, mupepo itabeba tole, bati yote. Na watu watasema ni Anselme hajue kazi."

"Nyumba ni ya nani?"

"Ni yako, mama."

Akapanda tena. Hakuniuliza sababu, na mimi nilishangaa kidogo asiulize, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kugombana. Nikaongeza kwamba binti yangu asijue, maana ana hofu nyingi. Wewe, eti una hofu nyingi. Ona mama yako anavyoweza kusema uongo mchana kweupe.

Sababu unaijua nusu. Unajua kwamba tulipokimbia vita baba yako alibaki nyuma na hatukumwona tena. Ulikuwa mgongoni mwangu, hukujua lolote. Nusu ya pili sikuwahi kukuambia, kwa sababu kila nilipotaka kuianza nilijikuta nimeanza kufagia.

Siku zile, mtu akikimbia Bunia alikuwa anakimbia na paa lake. Aliyekuwa na mabati huko anakokimbilia alikuwa na mwanzo wa nyumba, na aliyeyaacha alijua hatayakuta. Barabara ya Komanda ilijaa watu wenye mabati kichwani, akina baba, akina mama, hata wazee. Baba yako alikuwa ameijenga nyumba hii kwa mikono yake, na misumari yake ilikuwa fahari yake. Kila mmoja aliukunja, akaugonga tena ulale kabisa kwenye ubao. Wageni wakija aliwapeleka ndani kuwaonyesha paa kwa chini, wakati watu wengine wanaonyesha picha za harusi. Alikuwa akisema upepo wa mlima Mont Bleu ukifika hapa utaomba ruhusa.

Asubuhi ile risasi ziliposikika karibu, alipanda juu na koleo. Lakini msumari uliokunjwa hautoki kwa kuvutwa tu. Sharti kwanza uingie ndani, uunyooshe kwa chini, ndipo upande juu uung'oe. Alikuwa peke yake. Alishuka, akapanda, akashuka. Nilisimama uani na wewe mgongoni, watu wanapita mbio. Akaniambia akiwa juu, bila kugeuka, "Weye tangulia na mutoto. Miye namaliza hii upande, nakuja."

Nilimngoja Komanda, kando ya barabara. Kila mtu aliyepita na bati kichwani nilimwinamia nimtazame uso. Jirani mmoja alituambia alimwacha bado juu, anagonga. Ndiyo habari ya mwisho tuliyopata. Tuliporudi, upande mmoja wa paa haukuwepo, na upande wa pili ulikuwa umekaa vile vile, uliwashinda wezi. Juu ya ukuta nilikuta kopo lake, na ndani ya kopo misumari aliyoitoa, ameinyoosha mmoja mmoja, ili aje aitumie mahali pengine.

Tangu hapo, mwanangu, nilikuwa nimeshika wazo moja: misumari ndiyo iliyomchelewesha. Kama asingeikunja, angemaliza mapema, angetukuta njiani, na mimi nisingezeeka nikiongea na redio. Nikaapa nyumba yangu haitamfunga mtu tena. Na ule mfuko mweusi nyuma ya mlango, ambao ulipokuwa mdogo nilikupiga kwa kuuchezea, nao ni habari hiyo hiyo: nguo, chumvi, sabuni, kibiriti, vyeti vyako vya shule. Kila mwezi nilikuwa nabadilisha kibiriti.

Wanasema sasa ni amani. Ni kweli, soko linafunguliwa, pikipiki hazituachi tuvuke barabara, kila Jumamosi kuna harusi na matarumbeta. Lakini wewe mwenyewe unajua redio ikitaja barabara fulani watu wanavyopunguza sauti mezani, na unajua ni nani mtaani kwetu anayelala na viatu karibu na kichwa. Mimi ni mmoja wao. Basi fundi akapiga misumari, akaiacha imenyooka, akairudishia dari ya tripleksi, ule ubao mwembamba, kwa chini, na hakuna aliyeona kitu.

Upepo ulikuja alasiri, kabla mvua haijadondoka. Nilikuwa uani naanua nguo. Nikasikia mlio wa kitu kikubwa kinachanika, nikainua macho, nikaona mabati ya chumbani kwako yananyanyuka upande mmoja, yanarudi, yananyanyuka tena, kisha yakaenda. Moja lilitua kwa Mama Zawadi, juu ya mafiga, mahali alipokuwa amechuchumaa anachochea sombe. Alikuwa ameingia ndani kuchukua chumvi. Alipotoka na chumvi mkononi alilitazama lile bati, akanitazama mimi ng'ambo ya ukuta, akaketi chini. Mimi nilijua alichokuwa anakiona, kwa sababu na mimi nilikuwa nakiona.

Halafu mvua ikaingia. Dari ikalowa, ikaanguka juu ya kitanda chako na vitabu vyako vya uuguzi. Ulinikuta natoa godoro. Anselme naye alikuja na pikipiki, ameshasikia habari, na ndipo ulipomwambia uliyomwambia. Nafasi ya kusema nilikuwa nayo, na maneno yenyewe yalikuwa machache. Niliona haya mbele yako. Niliona haya mbele ya Mama Zawadi. Nikawatazama kuku.

Usiku huo ulisema, "Siendi tena, mama. Nitakuachaje hivi?" Nikakujibu kwamba tutaona, nikaenda jikoni kumenya ndizi, na katikati ya kumenya nikagundua naimba. Nyumba haina paa, jirani nusura afe, fundi ametukanwa bure, na mimi naimba. Ndivyo mama yako alivyo. Nimeona afadhali ulijue hilo ukiwa mtu mzima, na kutoka kwangu.

Zile siku ulizolala kitandani kwangu, chumba chako kimefunikwa bashi, turubai la plastiki, ukinipiga mateke kama ulipokuwa mtoto, zilikuwa siku nzuri kwangu. Upepo ulipolipiga bashi ulikuwa unanishika mkono usingizini. Anselme alipiga simu akitaka kuja kutengeneza, nikamwambia asubiri kwanza mbao zikauke. Mbao zilikuwa kavu. Akasema sawa, mama.

Juzi asubuhi walikupigia simu kutoka Nia-Nia. Ulikwenda nyuma ya nyumba kuongea, na mimi nilikwenda dirishani. Sitakudanganya kwamba nilikuwa napita tu. Nilisikia unawaomba wavumilie, unawaeleza habari za nyumba ya mama. Ukawasikiliza. Halafu ukasema umeelewa, kwamba usipofika kabla ya wiki kwisha watampa mwingine ile nafasi, na kwamba si neno. Uliporudi uliniambia ni rafiki yako anasalimia.

Kisha ukafua blauzi yako nyeupe ya kazi. Ikakauka, ukaipiga pasi ya makaa, ukaikunja vizuri, ukaitia ndani ya valizi. Nikasema moyoni, basi anaenda. Baada ya muda ukaitoa tena. Ukaitundika kwenye msumari wa mlangoni, ukaketi kitandani kwangu unaitazama. Hukulia. Kama ungelia ningejua la kufanya, ningekukumbatia, ningekupikia kitu. Lakini ulikaa tu na mikono mapajani, na mimi niliona mtu aliyefungwa na nyumba hii, na safari hii nilijua nani alimfunga.

Jana ulipotoka tu nikapanda pikipiki hadi barabara ya uwanja wa ndege, kwenye duka la ghorofa ambalo Anselme analijenga. Nilimwambia kijana wa pikipiki aharakishe, halafu nikamwambia apunguze mwendo, hadi akaniuliza kama ni mgonjwa. Nilikuwa nimepanga kumwita Anselme pembeni. Lakini nilipowaona watu wake wote wanageuka kunitazama, nikaona pembeni hapatoshi, kwa sababu wewe hukumgombezea pembeni. Nikasimama pale pale kwenye mchanga.

"Fundi," nikasema, "ile tole iliruka juu ya makosa yangu. Miye njo nilikukataza kukunja misumari, na mutoto wangu akakutukana weye bila kujua. Naomba unisamehe mbele ya hawa watu."

Wale vijana waliacha kuchanganya saruji. Anselme alijifuta mikono kwenye suruali, pole pole, kidole kwa kidole. Kisha akacheka.

"Mama, muko wengi," akasema. "Mu kartie yenu, hii mutaa peke yake, nyumba mingi niliacha musumari vile. Watu hawasemi juu ya nini, na miye siulizake tena." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Hata kwangu, mama. Hata kwangu sijakunja."

Alicheka tena, halafu akaacha kucheka. Tukasimama pale mimi na yeye, tunatazama juu kwenye mbao za lile duka. Nilifikiri juu ya mabati yote ninayoyaona nikitoka kanisani, mapya, yanang'aa kutoka kwetu hadi bondeni, na kwa chini misumari imenyooka, na hakuna mtu anayemwambia mwenzake. Upweke niliokuja nao ulipungua, na huzuni ikazidi. Sijui kama mambo hayo mawili yanaweza kwenda pamoja, lakini yalikwenda.

Ulimwona jana jioni alivyorudi, ukamsalimia kwa ncha ya ulimi, na nilipokuambia paa litakwisha leo ukasema basi kesho utasafiri. Ulipotoka leo kwenda kukabidhi kazi, tulimalizia. Sasa kazi ya kukunja inataka watu wawili. Mmoja anakuwa juu, anakandamiza kichwa cha msumari kwa chuma kizito, mwingine anakuwa chini, anagonga ncha mpaka ilale. Watu wake walitakiwa kule dukani. Nikamwambia wa chini nitakuwa mimi. Alikitazama kitenge changu, akatazama juu, akasema sawa. Nikachukua nyundo ya baba yako, nikapanda juu ya meza yako ya kusomea. Kile kidole gumba ulichonifunga bandeji mchana, nikakuambia ni mlango, ni nyundo.

Tulikuwa tunabishiana hodi. Yeye anagonga juu kunionyesha tulipofika, mimi nagonga chini. Vumbi likaniingia machoni. Na nikiwa nimeinua uso hivyo, nikamwona baba yako akifanya kazi hizi mbili peke yake, anashuka, anapanda, na hapo wazo langu la miaka yote likaharibika mikononi mwangu. Kwa sababu nilimjua yule mwanamume. Kama misumari ingetoka kwa urahisi, angemaliza mabati akaanza milango. Angemaliza milango akaanza fremu za madirisha. Kisha angekumbuka ule mti wa parachichi alioupanda. Hakufungwa na misumari. Hakuweza kuiacha nyumba, basi, na hakuna namna yoyote ya kupiga paa ambayo ingemtoa.

Nilikaa juu ya meza yako, nikalia. Anselme akabisha juu. Sikujibu. Akabisha tena, akaniuliza kwa sauti, "Mama, uko?"

"Niko," nikamjibu. Tukaendelea.

Masika, mimi nilirudi Bunia lakini sikufika. Miaka yote hii nimekaa kwenye nyumba yangu kama mtu anayengoja gari. Sikununua kabati, nikasema litabebwaje. Ule mti wa parachichi ulipokufa sikupanda mwingine, nikasema atakula nani. Yule baba wa kanisani, unamjua, alikuja kuniposa kwa heshima zote, na watu wawili na soda, nami nilimkataa. Nilimwambia nimeolewa na kazi. Moyoni nilikuwa nasema mtu wa kukimbia hawezi kubeba mizigo mingi. Sasa ana mke mnene mwenye furaha, na sauti yake ya nne kwenye kwaya imeharibika kabisa, lakini kila Jumapili namsikiliza.

Kwa hiyo ukifika Nia-Nia watakupa chumba. Kitakuwa kibaya, najua vyumba vya wauguzi. Fungua valizi siku hiyo hiyo, utundike nguo. Panda kitu, hata kitunguu kwenye kopo. Watu wa huko ni wapita njia, wa malori na wa dhahabu, kila mtu atakuambia kesho anaondoka, na wewe utatamani kuishi hivyo. Mimi nimeishi hivyo. Hakuna usalama ndani yake, kuna baridi tu.

Na siku mtu atakapolaumiwa kituoni akanyamaza, mtazame kwanza anamtazama nani. Hilo nimejifunza kwa fundi Anselme, na ada yake ulilipa wewe. Mpigie simu ukifika. Hana kinyongo, aliniambia mwenyewe kwamba una mdomo, utawanyoosha wagonjwa. Lakini mpigie. Ningekuambia haya yote uso kwa uso. Mbele ya watu wa saruji niliweza, mbele yako nimeshindwa, nimeona nikuandikie.

Mvua imeanza. Ni ya kwanza tangu tumalize. Mwanzoni nilishtuka, nikainuka, nikaenda kuweka beseni mahali pake mlangoni, miguu ilinipeleka yenyewe. Nimeketi kando yake kulitazama. Hakuna tone. Lina mlio mkubwa hili paa jipya, sitaisikia redio, sitamsikia mtu akibisha. Nyumba ni kubwa, Masika. Sikuwahi kujua ni kubwa hivi. Kesho nitapika ndizi za watu wawili, najijua, na keshokutwa pia, na Mama Zawadi atanenepa. Naogopa jioni kuliko usiku. Nakuambia ili usije ukajiambia huko kwamba mama ni mgumu, hasikii kitu. Nasikia. Nenda hivyo hivyo.

Bati moja la jikoni nimemwambia Anselme aliache misumari imenyooka. Usinicheke. Ni moja tu, dogo, naweza kulishusha mwenyewe. Misumari mingine yote imekunjwa, na ya chumbani kwako nimeikunja kwa mkono wangu, kisha nikaigonga tena ilale kabisa, kama alivyokuwa akifanya yeye.

Ule mfuko mweusi wa nyuma ya mlango nimeumwaga leo. Chumvi nimeirudisha jikoni, sabuni nimeiweka bafuni, vyeti vyako viko juu ya valizi. Ndani yake nimekutilia samaki, ndizi za kuchoma na karanga za njiani, na barua hii. Uchukue, uende nao. Mlangoni umebaki msumari mtupu, na nimeutundikia kitenge changu cha nyumbani.

Siku yoyote utakayorudi, hata kama ni usiku, hata kama mvua inapiga sana na unaona sisikii, bisha kwa nguvu, uulize kama nipo.

Niko.

Mama yako